Hewa Iliyomo Tumboni mwa Kalamu

Swali

Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Nansio, Ukerewe. Mwaka huu nilijinunulia kalamu ya nibu iliyokerezwa kwa mkono katika karakana moja ya India. Ni ya eboniti, yaani mpira uliofanywa mgumu, nyeusi yenye mawimbi ya kahawia, na wino unamiminwa moja kwa moja tumboni. Ndugu yangu aliipokea Dar es Salaam, nikaifuata wakati wa likizo, nikaandika nayo kule wiki nzima bila shida. Nilirudi kwa basi. Nilipofika Mwanza nikafungua mkoba: kifuniko kimejaa wino na kitambaa kimeharibika. Tangu hapo, nikiandika kwa muda mrefu inadondosha tone zima kwenye karatasi, hasa wino ukikaribia kwisha. Tena kwenye daftari wino unasambaa kama mizizi. Fundi mmoja ananishauri nizibe tredi, zile nyuzi za kufungia shingo kwenye tumbo, kwa supaglu. Mwingine anasema niiuze nitafute ya mpingo, kwa kuwa mti hauvuji. Na wenzangu ofisini wanaiomba kila siku kusaini, sijui niwape au niwanyime. Je, nimeuziwa kalamu mbovu?

Jibu

Marahaba, mwalimu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili niliisoma huku naifuata kwa akili safari yako yote, kituo kwa kituo, maana jibu la swali lako liko barabarani. Kalamu yako si mbovu. Usiiuze. Na hiyo supaglu isikaribie hata meza ambayo kalamu imelala.

Uliyo nayo ni kalamu ya mtindo mkongwe. Ndani hamna bomba, hamna mpira, hamna katriji. Tumbo lote ndilo kidau. Ukiijaza hadi mdomoni inabeba mililita 3 hivi, wakati konveta, kile kibomba cha kufyonzea kinachokaa ndani ya kalamu nyingi za siku hizi, huishia kati ya 0.5 na 0.8. Kwa mwalimu mwenye azimio la kazi, maandalio ya somo na ripoti za wanafunzi, hiyo ni neema kubwa. Ila kila tone la wino linapotoka, hewa ya ukubwa uleule huingia kushika nafasi yake. Kalamu ya nibu isipovuta hewa haiwezi kutoa wino. Lewis Waterman wa Marekani alipata hataza yake mwaka 1884 kwa kulishughulikia jambo hilohilo: kipande kilicho chini ya nibu, ambacho mimi nakiita ulimi, alikichonga mfereji, na ndani ya mfereji akachonga mianya myembamba zaidi, ili wino ushuke na hewa ipande bila kuzuiana. Sasa basi, kalamu iliyotumika nusu ni nusu wino, nusu hewa. Hiyo nusu ya hewa ndiyo iliyokuharibia mkoba.

Dar es Salaam iko usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa pale ni kama hektopaskali 1,013. Uso wa ziwa letu uko mita 1,134 juu ya bahari, na hapa kanieneo ni kama 885. Hewa uliyoifungia kalamuni kule chini, ikifika huku hewa ya nje haiibani tena kwa nguvu ileile, kwa hiyo inatanuka kwa asilimia 14 hivi. Tuseme ulipanda basi kalamu ikiwa na mililita 1.5 za wino na 1.5 za hewa. Kufika Mwanza hewa ile inataka nafasi ya mililita 1.7. Tumbo la kalamu haliongezeki, njia ya kutokea ni moja tu, na mlangoni amesimama wino. Mililita 0.2 zinasukumwa nje. Tone moja la wino ni kama mililita 0.05, hesabu mwenyewe, ni matone manne.

Lakini basi haliruki kutoka Dar kuja Mwanza. Linapita Morogoro, linapanda Dodoma, kisha Singida, ambako mji wenyewe uko kwenye mita 1,500 hivi. Pale hewa ya kalamuni inatanuka karibu asilimia 20, na matone yanakuwa sita. Kwa hiyo naamini kalamu ilitapika wino ulipokuwa ukipita Singida, labda umesinzia, na Mwanza uliukuta tu ukiwa tayari umekwisha kuingia kitambaani. Meli ya kwenda Nansio haina lawama yoyote, kwa sababu Mwanza na Ukerewe ziko kwenye maji yaleyale na urefu uleule. Ukisafiri kwa maji, kalamu yako hata haijui kama imesafiri.

Dawa ya safari ni ndogo. Ijaze hadi mdomoni kabla ya kuondoka, ili pasiwe na hewa ya kutanuka. Au imwage kabisa na kuisuuza. Na kwa vyovyote vile isafiri nibu ikitazama juu, kwenye mfuko wa shati au mfuko wa ndani wa mkoba, isilale. Nibu ikiwa juu, wino hukaa chini na hewa hukaa juu, karibu na mlango. Hewa ikitanuka inatoka yenyewe kimyakimya, wino hauguswi. Kalamu ikilala, au ikiinamisha kichwa, mambo yanageuka na wino unatangulia kutoka. Kwenye ndege kanuni ni hiyohiyo, maana ndani ya ndege kanieneo hushushwa hadi ile ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400. Anayeruka kutoka Mwanza ana nafuu kidogo kuliko anayeruka kutoka Dar, kwa kuwa yeye ameshapanda nusu ya mlima kabla hajafunga mkanda.

Sasa hilo tone la mezani. Hapo mlima hauhusiki. Kinachohusika ni mkono wako. Umeandika neno moja la maana sana, "hasa wino ukikaribia kwisha", na mtu anayeandika hivyo ameshaitazama kalamu yake kwa makini. Chumba chenu asubuhi kina nyuzijoto 24, tuseme. Kiganja cha mtu kinakaribia 34. Nyuzi hizo 10 hutanua hewa kwa asilimia 3 na kitu, na mvuke wa maji ulio ndani ya tumbo unaongeza msukumo wake juu yake. Kalamu ikiwa imejaa, hewa yenyewe ni kidogo, hakuna utakachoona. Ikiwa imebaki na robo, una mililita 2 na zaidi za hewa, na asilimia hizo zinatosha kusukuma tone moja au mawili. Nibu ikiwa imeinama kwenye karatasi, tone litaangukia wapi kama si kwenye ripoti ya mtoto wa watu?

Ulimi wa kalamu ndio uliopewa kazi ya kupokea wino wa ziada. Ukitazama ulimi wa plastiki wa kalamu za kiwandani utaona vipande vyembamba vilivyopangwa sambamba, kama matamvua ya sangara pale mwaloni Kirumba. Katikati ya matamvua hayo wino wa ziada hujificha mpaka hewa itulie. Ulimi wa eboniti unaochongwa kwa mkono, kama wako, mara nyingi una matamvua machache, na mwingine hauna kabisa. Una faida yake: eboniti hushika wino vizuri kuliko plastiki, na nibu haikauki katikati ya sentensi. Ila pa kuhifadhi wino wa ziada hapatoshi. Fundi aliyeitengeneza hakukosea. Alichagua mtiririko mzuri, akakuachia wewe kazi ya kuichunga hewa.

Marehemu baba alikuwa karani wa pamba katika chama cha ushirika huku Usukumani, na kila asubuhi, kabla wakulima hawajapanga mstari kwenye mizani, alikuwa akijaza kalamu yake. Hata kama jana haikuandika zaidi ya stakabadhi tano, aliijaza hadi mdomoni. Nilikuwa mtoto, nilidhani ni desturi tu, kama kupiga viatu rangi. Miaka mingi baadaye, nikiwa na keezo langu mwenyewe, nikikereza shafti za injini za boti na jioni nikikereza kalamu, ndipo nilipoelewa kwamba mzee alikuwa akiiondoa hewa. Stakabadhi ya pamba ikiangukiwa na tone juu ya tarakimu, mkulima anaweza kupoteza kilo zake.

Fanya kama yeye. Wino ukifika nusu, ongeza, usisubiri uishe. Nunua bomba la sindano duka la dawa, tupa sindano, bakiza bomba. Linajaza kalamu bila kumwaga hata tone. Ukilazimika kuandika na kalamu iliyopungua, ishike kiganjani nibu ikiwa juu kwa dakika moja au mbili, mpaka tumbo lipate joto la mkono na hewa imalize kutanuka, ndipo uinamishe. Shika shingoni, karibu na nibu, usilikumbatie tumbo. Kwa bahati nzuri eboniti hupitisha joto polepole. Kalamu ya shaba ya kujaza namna hii ingekusumbua mara mbili.

Kuhusu tredi: hakikisha kwanza kabla ya kuzitilia shaka. Kausha kalamu kabisa, ijaze, zungushia kipande cha karatasi laini pale shingo inapokutana na tumbo, uiache imesimama nibu juu, kisha imelala, saa kadhaa kila upande. Karatasi ikibaki nyeupe, tredi ni nzima, na ninavyosoma maelezo yako zitakuwa nzima. Zinachohitaji ni grisi ya silikoni kiasi cha kichwa cha njiti ya kiberiti, ipakwe pande zote kila baada ya kuosha mara kadhaa. Mafuta ya mgando usitumie, wala grisi ya gari. Hulainisha mpira, na kalamu nyingi zina oringi, pete ya mpira, pale ndani. Supaglu inashika milele. Siku utakapotaka kuosha, utalazimika kuivunja shingo ya kalamu ambayo mtu aliisimamia kwenye mashine kwa saa nyingi, na uvujaji utaukuta palepale, kwa sababu ulikuwa ukitokea kwenye nibu tangu mwanzo.

Umeniuliza pia, ingawa si kwa maneno hayo, kama kweli ni kazi ya mkono. Sugua tumbo lake kwa dole gumba kwa nguvu, kisha unuse. Ukisikia harufu ya mbali ya mpira na kibiriti, ni eboniti ya kweli, kwa kuwa ni mpira uliopikwa na salfa nyingi hadi ukawa mgumu kama pembe. Usishtuke ukikuta nibu imetoka Ujerumani. Karakana nyingi ndogo duniani, za India, Uingereza, Marekani, hukereza tumbo, shingo na kifuniko, kisha hununua nibu kwa Bock wa Heidelberg au JoWo wa Berlin, maana ncha ya nibu huchomelewa punje ya metali ngumu ambayo karakana ya mtu mmoja haiwezi kuitengeneza kwa urahisi. India yenyewe ina historia yake ya heshima katika jambo hili. Kule Rajahmundry, familia ya Ratnam ilianza kutengeneza kalamu miaka ya 1930, wakati Gandhi akihimiza watu watumie vitu vilivyotengenezwa nchini mwao. Kalamu za eboniti za kujaza tumboni, kama yako, ni watoto wa wakati ule.

Eboniti ina adui mmoja, naye huku kwetu yupo mwaka mzima: jua. Mwanga ukichanganyika na unyevu, nyeusi hugeuka kuwa kahawia ya kijani, kama koti la zamani. Usiiache dirishani wala kwenye dashibodi ya gari, na usiioshe kwa maji ya moto, maana nayo huichubua rangi palepale. Maji ya kawaida yanatosha. Ikiwa mpya ioshe na tone moja la sabuni ya vyombo, kwa sababu mafuta ya mashine hubaki ndani. Kisha suuza mpaka povu liishe. Baada ya hapo, kila unapobadilisha wino, au kila mwezi. Maji ya bomba yanayotoka ziwani ni laini na hayaachi chumvi nyingi. Kama mnachota kisima, tumia ya mvua. Spiriti usiitie kabisa. Joto letu la ziwani huotesha pia ukungu katika chupa za wino zilizokaa muda mrefu, kwa hiyo chupa ukiifungua ukaona utando au ukasikia harufu ya uvundo, imwage, hata kama ilikuwa ya bei.

Sasa daftari. Hapa nina neno la kukutia moyo na neno la kukukatisha tamaa. Wino kusambaa kama mizizi si kosa la kalamu, ni kosa la karatasi. Karatasi nzuri kwa wino hutiwa gundi wakati wa kutengenezwa, ili wino ukae juu na kukauka badala ya kunyonywa na nyuzi. Uzito hausemi ukweli wote: ipo karatasi ya Japani ya gramu 52 tu kwa mita ya mraba ambayo wino unakaa juu yake kama umechorwa, na ipo ya gramu 80 ya kutolea kopi ambayo hunywa wino kama mchanga wa Mwanza mvua ya kwanza. Kabla ya kununua kaunta buku, omba ruhusa dukani, chovya njiti ya kiberiti kwenye wino, chora mstari ukurasa wa mwisho. Ukingo ukibaki mkali, nunua mbili. Ukiota manyoya, rudisha. Wauzaji wa vifaa vya ofisi watakuzoea, na wengine wataanza kukuwekea zile nzuri.

Daftari za wanafunzi huwezi kuzichagua, na hilo ndilo la kukukatisha tamaa. Kusahihisha, tumia peni ya kawaida yenye wino mwekundu. Kalamu hii iache kwa azimio la kazi, ripoti na barua. Kama ni lazima iandike kwenye karatasi dhaifu, una njia mbili. Ya kwanza ni nibu nyembamba zaidi. Tazama herufi iliyochongwa juu ya nibu yako. Ikiwa ni M (ya kati), ya F (nyembamba) au EF (nyembamba zaidi) itaweka wino kidogo na karatasi itavumilia. Fundi wako wa India anaweza kukutumia, alimradi utaje namba ya ukubwa wa nibu. Ya pili ni aina ya wino. Wino wa bluu wa kawaida ni rangi iliyoyeyushwa majini, na maji hayohayo ndiyo yanayokimbia ndani ya nyuzi. Wino wa chuma na tanini, kama Pelikan 4001 ile ya bluu-nyeusi, hutulia vizuri kwenye karatasi mbaya, kisha huzidi kuwa mweusi siku kwa siku kwa kuguswa na hewa, na maji hayaufuti wote. Kwa mtu anayepanda meli na makaratasi yake, hilo la maji si dogo. Gharama yake ni kwamba una asidi. Usiuache ukauke ndani ya nibu ya chuma. Osha kila wiki mbili hivi. Wino wa muhuri, wino wa printa na ule wa kuchorea wenye shelaki usiutie hata siku moja. Hugandia kwenye mianya ya ulimi, na nimeshapokea kalamu ambazo ilibidi ulimi uchongwe upya.

Na mkono. Aliyezoea biki amezoea kukandamiza, kwa sababu kile kigololo hakizunguki bila kusukumwa. Nibu haitaki nguvu hiyo. Ukiikandamiza, meno yake mawili yanaachana, wino unamwagika zaidi, na karatasi dhaifu inapata wino mara mbili ya uwezo wake. Jaribu kuandika ukurasa mzima kwa uzito wa kalamu yenyewe tu, mkono ukiiongoza njia. Siku tatu za kwanza mwandiko utaharibika. Baadaye utaona vidole havichoki, na sehemu ya lile tatizo la daftari itakuwa imeondoka bila kununua chochote.

Tuje kwenye mpingo. Nimeukereza na naupenda kuliko mti wowote, lakini aliyekwambia mti hauvuji hajawahi kuuweka kwenye keezo. Mpingo ni mzito hata ukiutupa ziwani unazama. Ndiyo sababu watengenezaji wa klarineti na obo huko Ulaya huusubiri kutoka kusini mwa nchi yetu, kisha huuacha ukauke kwa miaka kabla ya kuugusa. Hata hivyo ni mti. Hunywa unyevu na kuutoa, hutanuka na kusinyaa. Ukimimina wino ndani ya tumbo la mpingo mtupu, wino utaingia kwenye mti, na mti utapasuka. Kalamu nzuri ya mpingo huwa na bomba la shaba au plastiki ndani, wino wake hukaa kwenye konveta, na shingo yake, pale inapozamishwa kwenye chupa, huwa ya eboniti au akriliki. Haivuji sana kwa sababu konveta ina hewa kidogo. Mti wala haujahusika.

Ukitaka moja baadaye, muulize fundi maswali matatu: gogo lilikauka muda gani, ndani ameweka nini, na shingo ni ya nini. Anayejua kazi atafurahi kuulizwa. Ukiiagiza nje ya nchi, ujue kwamba karibu jenasi nzima ya Dalbergia, yaani ukoo wa miti ambao mpingo umo, iliingizwa mwaka 2017 katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kwa hiyo muulize muuzaji kama kuna karatasi zinazotakiwa. Kwa kuwa mpingo hukua polepole sana, mimi hukereza kalamu kwa vipande vinavyobaki kwa wachongaji, sijawahi kukata gogo kwa ajili hiyo. Na vumbi lake ni baya kwa kifua na ngozi. Nasema hili kwa sababu kila nikizungumzia kalamu za mpingo kijana mmoja huniandikia kwamba ameanza kukereza jikoni kwao bila kitambaa puani. Pembe ya ng'ombe nayo inapendeza, hasa zile ndefu za ng'ombe wa upande wa Kagera, ila hupinda kwa unyevu na wadudu huila. Kwa Ukerewe, kisiwa kilichozungukwa na maji, singekushauri.

Ushauri wangu ni kwamba ubaki na uliyonayo. Jambo moja tu la kumwomba fundi wa India: kama shingo yake inakubali konveta, akutumie moja. Kalamu nyingi za eboniti za siku hizi hukerezwa zikiweza kutumia njia zote mbili. Wakati wa safari na msimu wa mitihani, weka konveta. Ukitulia nyumbani, irudishe kwenye kumimina tumboni. Wino ni uleule, nibu ileile, hewa tu ndiyo imepungua.

Limebaki la wenzako ofisini. Watu husema ukimpa mtu mwingine kalamu yako ya nibu, ncha itapoteza mkono wako. Ile punje ya nchani ni ngumu mno, haiwezi kubadilika kwa saini moja wala kumi. Hatari iko kwenye mkono uliozoea biki: mtu anaigeuza nibu kichwa chini, haiandiki, anakandamiza, na meno yanapinda. Wape, lakini simama hapo, igeuze wewe mwenyewe upande unaofaa kabla ya kuikabidhi, na sema "taratibu, usikandamize". Baba aliwapa wakulima wote waliojua kusaini. Alikuwa akifungua, anawakabidhi kalamu peke yake, na kifuniko anabaki nacho mkononi mwake mpaka irudi.